Upanga wa Mnyoo na Ala Yake

Katika daftari ninamoandika mambo ya biolojia kuna ukurasa wenye mstari mmoja tu, RWCVYAYVRVRGVLVRYRRCW, niliouandika kwa penseli miaka kadhaa iliyopita. Kila herufi inasimama badala ya asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini, na herufi zote 21 kwa pamoja ni arenicini-1, peptidi (protini fupi) ya kuua vijidudu ambayo watafiti wa Saint Petersburg, nchini Urusi, waliitangaza mwaka 2004 baada ya kuitenga kutoka katika seli za mnyoo wa bahari aitwaye Arenicola marina. Niliuandika mstari huo kwa sababu ufupi wake ulinishangaza. Sikuandika, wala sikuona haja ya kuandika, asidi amino nyingine 181 zinazotangulia hizo 21 pale seli ya mnyoo inapoiunda protini yenyewe kwa mara ya kwanza, kwa maana niliziona kuwa makapi yanayopepetwa baada ya nafaka kupatikana. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya niwasome upya minyoo hawa. Leo nataka kuandika juu ya yale makapi.

Nianze na mnyoo mwenyewe, kwa sababu bila kujua anaishi wapi hatuwezi kuelewa kwa nini anahitaji silaha ya namna hii. Arenicola marina hukaa katika fukwe za mchanga na matope za Ulaya ya kaskazini-magharibi, zile zinazofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Hujichimbia shimo lenye umbo la herufi J au U, humeza mchanga, hujilisha kwa uhai mdogo mdogo na mabaki yaliyomo ndani yake, kisha hupanda kinyumenyume hadi juu na kuacha ufukoni vifungu vya mchanga vilivyojisokota kama kamba. Katika safari hiyo ya kutoa kinyesi, samaki bapa na ndege wa pwani humnyemelea na kumkata ncha ya mkia. Yeye hurudi chini akiwa na jeraha bichi, katika mashapo ambayo sentimita moja ya ujazo inaweza kuwa na bakteria wanaokaribia bilioni moja. Maji ya kawaida ya bahari, kwa kulinganisha, hubeba takriban milioni moja katika kila mililita. Kwa hiyo mnyoo huyu hula bakteria, hulala juu ya bakteria, hutambaa kati ya bakteria akiwa na kidonda kilicho wazi, na bado huishi miaka kadhaa.

Hayo yote huyafanya bila kingamwili. Kinga inayojifunza, yaani ile inayotegemea chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti na kumbukumbu zake na ambayo ndiyo msingi wa chanjo, ni mali ya wanyama wenye uti wa mgongo. Mnyoo anayo kinga ya kuzaliwa nayo peke yake: ute unaofunika ngozi, vimeng'enya kama lisozimu vinavyokata kuta za bakteria, na seli zinazoelea katika umajimaji uliojaa kati ya utumbo na ukuta wa mwili, ziitwazo selomositi, ambazo humeza wavamizi. Umezaji huo ni jambo ambalo sayansi ililijua kupitia mnyama mwingine wa bahari: mwaka 1882, huko Messina, Ilya Metchnikoff alichoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza kwa mwiba na kuona seli zikikusanyika kuuzunguka, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908. Nimewahi kusikia kinga ya kuzaliwa nayo ikiitwa kinga duni, kana kwamba ni rasimu ya kwanza ya ile yetu. Sikubaliani na kauli hiyo hata kidogo. Mfumo uliomlinda mnyoo katika tope lile kwa vizazi visivyohesabika hauna uduni wowote. Una mpango wake tofauti, na sehemu iliyo bora zaidi ya mpango huo ni peptidi.

Peptidi za namna hii zilianza kueleweka vizuri kwa wanyama wengine. Mwaka 1981 kundi la Hans Boman nchini Sweden lilieleza sekropini, zilizotoka katika bumba la nondo, na mwaka 1987 Michael Zasloff alieleza magainini kutoka katika ngozi ya chura wa jenasi Xenopus. Minyoo ya bahari ilifikiwa baadaye. Mbali na arenicini, mwaka huohuo wa 2004 iliripotiwa perinerini, yenye asidi amino 51, kutoka kwa mnyoo Perinereis aibuhitensis. Mwaka 2007 ikafuata hedistini, mwaka 2014 alvinelacini, mwaka 2018 nikomicini, na mwaka 2020 kapitelacini. Orodha hii ni fupi mno ukikumbuka kwamba aina za minyoo wenye nywele ngumu ubavuni, wanaoitwa poliketi, ni zaidi ya elfu kumi.

Sasa tuitazame arenicini kwa karibu. Asidi amino ya tatu na ile ya ishirini ni sisteini, na salfa zao hushikana na kufunga pete ya asidi amino 18. Pete hiyo hujikunja hadi nyuzi zake mbili zinalala sambamba, zikielekea pande zinazopingana, mfano wa kibanio cha nywele. Ndani ya mstari huo mna arjinini 6, kila moja ikiwa na chaji chanya, na zilizobaki nyingi ni zile zinazokimbia maji na kupenda mafuta. Mchanganyiko huo ndio ufunguo wa kazi yake. Utando wa bakteria umejaa mafuta yenye chaji hasi, na bakteria wa kundi la Gram-hasi wana tabaka la nje la lipopolisakaridi ambalo nalo lina chaji hasi nyingi. Peptidi huvutwa huko kwa chaji yake, kisha huzamisha sehemu yake inayopenda mafuta ndani ya utando na kuuvuruga. Seli za wanyama, kwa upande wao, huonyesha nje mafuta ambayo chaji zake zimejisawazisha, na kolesteroli huukaza utando wao. Tofauti hiyo ndiyo inayotajwa kila mara peptidi hizi zinapoelezwa, na ni ya kweli, ila nitaonyesha kwamba haitoshi.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba arenicini-1 huua bakteria wa Gram-hasi kwa dakika chache tu, katika nyuzi joto 37 na pia katika nyuzi 4, wakiwemo Proteus mirabilis waliokuwa sugu kwa dawa ya polimiksini B. Utando ulivuja, ukabanduka, na yaliyomo ndani ya seli yakamwagika. Jambo la nyuzi 4 lilinigusa sana niliposoma mara ya kwanza, kwa sababu mnyoo hana joto lake mwenyewe. Wakati wa baridi kali damu yake hupoa kama tope linavyopoa, na kinga ambayo ingesubiri joto lirudi ingekuwa imechelewa. Kadhalika, chumvi hudhoofisha peptidi nyingi zenye chaji chanya, kwani sodiamu, kalsiamu na magnesiamu hujipanga kwenye utando wa bakteria na kuchukua nafasi ambayo peptidi ingeikalia. Umajimaji wa ndani wa mnyoo wa bahari una chumvi inayokaribia ile ya bahari yenyewe, hivyo peptidi isiyostahimili chumvi isingekuwa na faida yoyote kwake.

Lakini katika uchunguzi huohuo kulikuwa na sentensi ambayo niliipita haraka, na ningeweza kuipita hadi leo: katika tando za kutengenezwa maabara, arenicini haikuonyesha upendeleo mkubwa wa aina moja ya mafuta dhidi ya nyingine. Kwa maneno mengine, upanga huu hauchagui sana. Majaribio mengine yameonyesha kwamba arenicini hupasua pia chembe nyekundu za damu ya binadamu. Basi swali linakuja lenyewe. Seli ya mnyoo huiunda peptidi hii ndani yake, karibu kabisa na tando zake yenyewe, na huiunda wakati wote, bila kusubiri adui aingie. Inawezekanaje isijiangamize? Na kuna hatari ya pili iliyojificha nyuma ya hiyo ya kwanza: nyuzi za umbo la kibanio hupenda kushikana na nyuzi zilizo jirani, mbili kwa mbili na hata nyingi zaidi, na protini zenye tabia hiyo zinaweza kurundikana katika vifundo vigumu vya aina ya amiloidi, ambavyo seli hushindwa kuviondoa.

Hapo ndipo zile asidi amino 181 zinapoingia. Protini nzima kama inavyoandikwa na jeni ina asidi amino 202: 25 za mwanzo ni kitambulisho kinachoielekeza protini kwenye njia ya usafirishaji wa seli, 156 zinazofuata ni sehemu ya katikati, na 21 za mwisho ndizo peptidi. Ndani ya hiyo sehemu ya katikati mna kikoa cha protini, yaani kipande chenye umbo na kazi yake mahususi, kiitwacho BRICHOS, chenye asidi amino takriban 100. Jina lake, lililotolewa mwaka 2002, limeungwa kutokana na protini tatu za wanyama wenye uti wa mgongo ambamo kilitambuliwa: BRI, inayopatikana katika ubongo na kwingineko, kondromodulini, ya gegedu, na protini SP-C ya mapafu. Hivyo kile nilichokiita makapi katika mnyoo wa matope kina ndugu zake ndani ya kifua changu na ndani ya kichwa changu. Nilipolitambua hilo niliufunga ukurasa na kukaa kimya kwa muda.

Kazi ya BRICHOS inaeleweka vizuri zaidi kwenye mapafu. SP-C iliyokomaa ina asidi amino 35 tu, nayo hupenda mafuta kupita kiasi. Husaidia utelezi unaozuia vifuko vya hewa visifungamane kila tunapotoa pumzi. Ikiachwa peke yake wakati inapoundwa, huelekea kujikunja vibaya na kurundikana. BRICHOS, iliyo katika protini hiyohiyo kabla haijakatwa, huishika na kuizuia, kisha hukatwa kazi inapokwisha. Mabadiliko ya kijeni yanayoharibu kikoa hicho husababisha maradhi ya tishu za mapafu, hata kwa watoto wadogo. Maabara zimeonyesha pia kwamba BRICHOS hupunguza kasi ya kurundikana kwa amiloidi-beta, ile inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kwa hiyo wanaochunguza minyoo wanaeleza BRICHOS ya arenicini kwa namna hiyohiyo: ni mlezi anayeishika peptidi ikiwa bado ndani ya seli, anaisaidia kujikunja inavyopasa na kuizuia isishikane na wenzake. Mimi nimezoea kuiita ala, kwa kuwa kwangu sifa ya upanga huu imo katika kile kinachoushikilia hadi wakati wake ufike.

Si kila mnyoo anatumia mpango huo, na ni vizuri kusema hivyo kabla sijaupenda mno. Hedistini, ya mnyoo Hediste diversicolor anayekaa kwenye matope ya milango ya mito, ni ya ukoo mwingine kabisa. Ina asidi amino 22, haina daraja la salfa, na hujisokota kama skurubu inapokutana na utando. Kilicho cha pekee kwake ni kwamba asidi amino zake ziitwazo triptofani zimebandikwa bromini, elementi ambayo bahari inayo tele, kiasi cha miligramu 65 hivi katika kila lita. Jambo la pili ni mahali inapohifadhiwa: imo katika seli za mzunguko zinazofanana na zile ambazo kwa binadamu huitwa seli asilia za uuaji. Kuweka peptidi ndani ya seli maalumu inayoiachia pale tu panapohitajika ni ala ya aina nyingine, inayofungia silaha ndani ya chumba badala ya kuifunga ndani ya protini yenyewe.

Mnyoo aliyenibadilisha mawazo kikamilifu, hata hivyo, ni Alvinella pompejana. Anaishi katika Bahari ya Pasifiki ya mashariki, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, ambako maji ya moto yenye sumu hufumka kutoka katika nyufa za sakafu ya bahari. Jina lake la kwanza linatokana na nyambizi Alvin na la pili na mji wa Pompeii, kwa sababu chembe za madini humnyeshea bila kukoma kama majivu ya volkano. Hujenga bomba lake ukutani mwa nguzo zenyewe zinazofuka. Kuhusu joto analolivumilia pamekuwa na madai makubwa, lakini majaribio ya mwaka 2013 ya minyoo hai waliodumishwa katika shinikizo lao la asili yalionyesha kwamba nyuzi 50 hadi 55 huwaua. Hata hivyo, anabaki mmoja wa wanyama wanaostahimili joto zaidi duniani.

Mgongoni mwake ana manyoya meupe, na manyoya hayo ni bakteria. Hukua wakiwa nyuzinyuzi juu ya vijiti vya ngozi vinavyotoa ute, na wengi wao ni wa kundi moja lililozoelea maisha ya kwenye chemchemi hizo. Mnyoo huyu anawahitaji. Sasa fikiria mnyama anayehitaji bakteria mgongoni mwake na wakati huohuo amezungukwa na bakteria wengine wasiomfaa: akiwa na silaha ya kuua wote ataipoteza neema yake, akikosa silaha ataliwa. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa kutoka Ufaransa walieleza alvinelacini, peptidi ya kwanza ya kuua vijidudu kupatikana kutoka kwa mnyama wa kina kirefu cha bahari. Ina asidi amino 22 na madaraja mawili ya salfa, nayo imo katika protini yenye BRICHOS, jamaa ya ile ya Arenicola. Bakteria wa mgongoni hawajaweza kukuzwa maabara, na mnyoo hufa shinikizo linapoondolewa anapopandishwa, kwa hiyo watafiti walibuni majaribio ya kufanyiwa melini palepale. Waligundua kwamba alvinelacini humlinda mnyoo dhidi ya wavamizi, na zaidi ya hapo huamua ni bakteria gani wakae mgongoni mwake. Ni palizi. Mkulima hachomi shamba zima ili aondoe magugu, na mnyoo huyu naye anapalilia bustani anayoibeba.

Kabla ya hapo nilizisoma peptidi hizi kama habari za vita peke yake, ambamo nguvu hupimwa kwa idadi ya maiti. Alvinella amenifundisha kuuliza swali jingine kwa kila peptidi ninayokutana nayo: inamwacha nani hai?

Kazi nyingine ya mwaka 2017 ililipeleka jambo hili mbali zaidi. Watafiti walilinganisha jeni la alvinelacini kati ya minyoo wengi, ili kuona ni sehemu zipi zimebadilika na zipi zimehifadhiwa. Kwa kawaida tungetarajia silaha ibadilike haraka, kwa sababu adui naye hubadilika, na sehemu inayoisindikiza ibaki kama ilivyo. Walikuta kinyume chake. Peptidi yenyewe imehifadhiwa kwa ukali mkubwa, kana kwamba badiliko lolote lingevuruga mapatano yake na bakteria wa mgongoni, ilhali sehemu yenye BRICHOS ndiyo iliyotofautiana. Maelezo yao ni kwamba mlezi ndiye anayejirekebisha kulingana na makazi yasiyotulia, ambamo joto na kemia hubadilika kila mara, ili peptidi iendelee kuzaliwa ikiwa na umbo lilelile. Upanga haujabadilika; ala ndiyo inayochongwa upya.

Nayasema haya nikiwa na jambo la tiba akilini, kwa sababu usugu wa bakteria dhidi ya dawa umeifanya kila peptidi mpya ipokelewe kwa hamu kubwa, na hamu hiyo karibu daima huelekezwa kwenye zile herufi ishirini na kitu za mwisho. Mfano ulio bora ninaoufahamu unatoka kwa mnyoo wetu wa mwanzo. Arenicola ana peptidi ya tatu, arenicini-3, na mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyoelezea namna ilivyorekebishwa hatua kwa hatua hadi kupatikana kiwanja cha kikemia, yaani kampaundi, kiitwacho AA139. Kiwanja hicho kiliwaua bakteria sugu kwa dawa nyingi, hata waliokuwa sugu kwa dawa ya kolistini, na katika panya wenye maambukizi ya fumbatio, mapafu na njia ya mkojo kilipunguza sana idadi ya bakteria. Mafanikio makubwa zaidi kwangu, lakini, ni kwamba kilipunguza madhara ya peptidi ya asili kwa seli na kwa chembe nyekundu, hata dozi isiyoonekana kuwadhuru panya ikawa takriban mara 10 ya ile iliyohitajika kuwatibu.

Pengo hilo la mara kumi ni kazi ambayo kwa mnyoo ingefanywa kwa sehemu na BRICHOS na kwa sehemu na seli inayoishika peptidi. Wakemia waliichukua silaha bila ala, kwa hiyo iliwabidi wainoe upya silaha yenyewe ili iwe na uchaguzi zaidi. Siwalaumu, kwa kuwa protini fupi ni rahisi kuiunda kuliko ndefu. Lakini zipo maabara zilizochukua njia nyingine, nazo ndizo ninazozifuatilia kwa shauku zaidi: hubandika mwanzoni mwa peptidi kipande kifupi cha asidi ya glutamiki, ambacho chaji yake hasi huibatilisha chaji chanya ya peptidi na kuituliza, na kipande hicho huweza kukatwa na elastesi, kimeng'enya kinachomwagwa na chembe nyeupe za damu mahali palipo na uvimbe wa maambukizi. Peptidi husafiri ikiwa imelala, na huamka pale kidonda kilipo. Juma lililopita nililifungua tena daftari langu, nikaandika juu ya ule mstari wa penseli herufi 181 zilizokuwa zimekosekana, na zimejaa karibu nusu ya ukurasa.